Mtoto alikuwa anaweza, sasa hawezi: usingoje, mpeleke akachunguzwe

Makala haya yanaanza na kosa letu.

Miezi michache iliyopita, katika kipindi chetu cha asubuhi cha afya, tulisoma hewani ujumbe wa mama mmoja wa kijijini. Aliandika kwamba binti yake mchanga alikuwa ameanza kukaa mwenyewe, akicheka na bibi yake, na mtu akila karibu naye anamnyang'anya kijiko. Sasa ana miezi minane. Hakai tena, hacheki, na akiitwa anaangalia paa. Mama akauliza, "Je, hii ni kawaida?" Nasi, wimbo ukiwa unasubiri, tukajibu harakaharaka: watoto hawalingani, wengine huchelewa, avute subira.

Jibu hilo lilikuwa la swali ambalo mama yule hakuuliza. Hakusema mtoto amechelewa kukaa. Alisema mtoto alikuwa anakaa, kisha akaacha. Hayo ni mambo mawili tofauti, na tofauti hiyo ndiyo tunayotaka kila mzazi, bibi na mlezi anayetusikiliza aijue.

Kuchelewa si sawa na kurudi nyuma

Ukuaji wa mtoto una ngazi zake. Mtoto huanza kumtabasamia anayemtazama akiwa na umri wa karibu miezi miwili. Wengi hukaa bila kushikwa wanapofikisha miezi 9, na wengi hutembea wenyewe wanapofikisha miezi 18. Kati ya mtoto na mtoto pana nafasi kubwa. Mmoja atatembea akiwa na miezi 10, mwenzake akiwa na miezi 16, na wote ni wazima. Hapo ndipo msemo wa "watoto hawalingani" una mahali pake. Na aliyechelewa sana naye apelekwe kliniki.

Kurudi nyuma ni kitu kingine. Mtoto alikuwa na maneno matano, sasa hana hata moja. Alikuwa anatembea, sasa anatambaa. Alikuwa anapunga mkono wa kwaheri, sasa hata hamtazami anayeondoka.

Mkulima anaielewa tofauti hii kuliko mtu yeyote. Mahindi yaliyochelewa kuota, unaweza kuyavumilia ukasubiri mvua. Lakini mahindi yaliyofika magotini kisha yakaanza kunyauka, hakuna mkulima anayekaa kibarazani akisema yatajirekebisha. Anaingia shambani, anafunua majani, anatafuta viwavijeshi. Mtoto aliyerudi nyuma naye hatakiwi kungojewa. Anatakiwa kuchunguzwa.

Kuna kurudi nyuma kwa muda mfupi ambako si kwa kutisha. Mtoto aliyetoka kuugua malaria au kuharisha anaweza kukosa nguvu za kutembea kwa siku chache. Mtoto aliyepata mdogo wake anaweza kuanza tena kukojoa kitandani na kutaka kubebwa. Mara nyingi huyu bado anacheka, anaongea na kutazama watu, na hali yake hurudi taratibu. Lakini kama wiki mbili zimepita tangu apone na bado hajarudia alichokuwa anakiweza, au kama kila wiki anapoteza kitu kingine, mpeleke.

Vilevile mtoto mkubwa kidogo aliyenyamaza ghafla, anayekojoa kitandani na kumwogopa mtu fulani, anaweza kuwa anafanyiwa ukatili. Hapo namba ya bure ya kuwasaidia watoto ni 116.

Degedege lisilofanana na degedege

Mama yule alitupigia tena baada ya wiki tatu. Hakuwa na hasira, na hilo lilituuma zaidi. Alisema binti anapoamka usingizini, kichwa kinainama ghafla na mikono inarushwa mbele, kama mtu aliyeshtuliwa. Ni sekunde moja tu. Kisha inarudia tena na tena, mara kumi, mara ishirini mfululizo, halafu mtoto analia. Nyumbani walisema ni chango.

Safari hii hatukujibu wenyewe. Tulimuunganisha na tabibu anayeshiriki kipindi chetu, naye akamwambia mambo mawili tu: rekodi, kisha nenda. Mama akarekodi kwa simu ya shemeji yake. Katika hospitali ya wilaya daktari aliitazama video mara mbili, akaandika rufaa siku ileile.

Ugonjwa huo ni aina ya kifafa cha watoto wachanga, na mtu wa kwanza kuueleza kwa maandishi alikuwa baba wa mtoto. Mwaka 1841, daktari wa Uingereza aitwaye William James West aliandika barua katika jarida la kitabibu la The Lancet kuhusu mwanawe mwenyewe. Alieleza jinsi mtoto alivyoanza kuinamisha kichwa kidogo kidogo akiwa na miezi minne, na jinsi akili yake ilivyorudi nyuma. Aliwaomba madaktari wenzake wamsaidie. Wakati huo hakuna aliyekuwa na dawa. Ugonjwa huo unaitwa kwa jina lake hadi leo.

Kwa kawaida kifafa hiki huanza ndani ya mwaka wa kwanza, mara nyingi kati ya miezi 3 na 8. Mshtuko wenyewe ni mdogo, lakini umeme wa ubongo unakuwa umevurugika hata pale mtoto anapoonekana ametulia. Ndiyo maana anasahau kucheka na kukaa. Siku hizi dawa zipo, na kadiri matibabu yanavyoanza mapema ndivyo mtoto anavyokuwa na nafasi nzuri zaidi. Tatizo ni kwamba watu wengi wanasubiri kuona degedege wanalolijua, la kukakamaa na kutoa povu. Hili halifanani nalo, na wiki zinapita.

Sababu nyingine zinazomrudisha mtoto nyuma

Kurudi nyuma si jina la ugonjwa mmoja. Ni dalili, kama homa ilivyo dalili. Tuanze na sababu ambazo zina tiba au kinga, kwa kuwa ndizo ambazo kuchelewa kwetu kunaziharibu.

Lishe. Mtoto mwenye utapiamlo mkali huacha kucheza, huacha kutembea, hununa na kukaa mahali pamoja. Akitibiwa kwa chakula dawa na akachangamshwa kwa michezo, mengi hurejea. Kuna pia upungufu wa vitamini B12. Vitamini hii hupatikana kwenye nyama, samaki, maziwa na mayai. Mama asiyepata vyakula hivyo kwa muda mrefu anaweza kuwa na maziwa yenye vitamini hiyo kidogo mno. Mtoto anayemnyonyesha hulegea, huacha kutabasamu na kukaa, kwa kawaida katika mwaka wa kwanza. Sindano za B12 zinaweza kumbadilisha kwa siku chache, lakini akichelewa sana ubongo unaweza kubaki na kasoro.

Masikio. Mtoto anaweza kuacha kuongea kwa sababu hasikii tena. Homa ya uti wa mgongo inaweza kuharibu usikivu kabisa, na masikio yanayotoa usaha mara kwa mara yanaweza kuupunguza. Huyu bado anakutazama usoni na kuonyesha kwa kidole. Ni sauti tu ndiyo haimfikii.

Maambukizi. Malaria kali iliyopanda kichwani na homa ya uti wa mgongo, ikiwemo ile ya kifua kikuu, zinaweza kumwacha mtoto bila maneno au bila nguvu upande mmoja. VVU navyo huingia kwenye ubongo wa mtoto asiyetibiwa na kumrudisha nyuma polepole. Akianza dawa za ARV mapema, hali inaweza kusimama na hata kuwa bora.

Selimundu. Mtoto mwenye selimundu anaweza kupata kiharusi akiwa bado mdogo. Leo anakimbia, kesho mkono umelegea na mdomo umepinda. Wapo pia wanaopata viharusi vidogo visivyoonekana, ambavyo hujitokeza kwa mtoto kushuka darasani. Dawa ya haidroksiyurea hupunguza hatari hii, na damu ikihitajika hospitali itaongeza. Ndiyo maana ni muhimu kujua mapema kama mtoto ana selimundu.

Shinikizo kichwani. Uvimbe au maji yaliyojaa kwenye ubongo huleta kuumwa kichwa, kutapika hasa asubuhi, makengeza yanayoanza ghafla, au kichwa kinachokua haraka kuliko umri.

Yako pia yanayohusu mazingira ya watu wetu. Huko Mahenge, mkoani Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall aliona miaka ya 1960 watoto wengi wenye kifafa, na baadhi yao vichwa vilikuwa vikitikisika kama wanaosinzia. Wengine walipoteza uwezo wao wa akili kadiri miaka ilivyokwenda. Leo ugonjwa huu wa kutikisa kichwa unajulikana pia Uganda na Sudan Kusini, na umeonekana zaidi mahali penye usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi wadogo weusi wa kando ya mito iendayo kasi. Kumeza dawa za usubi zinapogawiwa kijijini ni kumkinga mtoto. Ugonjwa mwingine ni konzo, ambao huikakamaza miguu yote miwili ghafla, tena haiponi. Unaletwa na kula mihogo michungu isiyosindikwa vizuri pale chakula kingine kinapokosekana. Ulilipuka Tarime mwaka 1985. Kuloweka, kuvundika na kukausha mihogo vya kutosha ndiyo kinga yake.

Kisha kuna hali ambazo hazina dawa ya kuziondoa, lakini zina msaada. Baadhi ya watoto wenye usonji huanza vizuri, kisha kati ya miezi 15 na 24 hupoteza maneno, huacha kutazama watu machoni na kuitika jina, ingawa miguu yao ina nguvu. Kumfundisha mapema namna ya kuwasiliana kunamsaidia sana. Kuna ugonjwa wa Rett, ambao karibu wote wanaoupata ni wasichana. Mtoto huacha kutumia mikono na badala yake huisugua kama anayenawa. Daktari Andreas Rett wa Austria aliugundua mwaka 1954 kwa kuwatazama wasichana wawili waliokaa na mama zao wakisubiri huduma, wote wakifanya mikono vilevile. Na yapo magonjwa ya kurithi ambayo hurudia kwa ndugu wa tumbo moja. Hapo jina la ugonjwa lina faida hata pasipo na tiba: familia inajua inachokabiliana nacho, na inaacha kuuza mbuzi kwa ajili ya dawa zisizo na maana.

Je, ni chanjo?

Swali hili tunaulizwa kila mara, na tunaelewa linatoka wapi. Hapa Tanzania chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Miezi 18 ndio umri ambao usonji wa kurudi nyuma huanza kuonekana. Mambo mawili yakitokea wakati mmoja, moyo huyaunganisha.

Uvumi huo ulipata nguvu mwaka 1998, kwa utafiti uliochapishwa Uingereza. Mwaka 2010 jarida lililouchapisha liliufuta, baada ya kubainika haukufanywa kwa uaminifu. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark walitoa matokeo ya kufuatilia watoto zaidi ya 650,000, nao hawakuona chanjo hiyo ikiongeza usonji.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba surua yenyewe ndiyo inayoweza kumrudisha mtoto nyuma. Kwa watoto wachache, kirusi cha surua hubaki kimejificha kwenye ubongo. Miaka kadhaa baadaye, mara nyingi kati ya 6 na 10, mtoto wa shule huanza kusahau masomo, kushtuka-shtuka na kuanguka. Ugonjwa huo huua karibu kila anayeupata. Kinga yake ni ileile chanjo.

Lawama haimtibu mtoto

Tumesikia mengi kwenye simu zenu: mtoto amepitiwa na ndege, amelogwa na jirani, mama alivunja mwiko. Hatupo hapa kudharau imani ya mtu. Anayetaka kumwombea mtoto na amwombee, hata akiwa njiani kwenda hospitali. Tunachosema ni kwamba degedege hutoka kwenye ubongo. Kumfukizia mtoto moshi, kumpaka mkojo au kumchanja chale hakulizuii, na kunakula siku ambazo dawa ingefanya kazi.

Akina baba, nanyi sikilizeni. Mama wa mtoto ndiye wa kwanza kuona kitu kimebadilika, na mara nyingi ndiye wa kwanza kuambiwa ana wasiwasi wa bure. Mama akisema "huyu siye yule wa mwezi uliopita", tafuteni nauli.

Andaa haya kabla ya kwenda

Daktari atakuwa na dakika chache na wewe, na mtoto huenda akalala muda wote huo. Ushahidi mkubwa unatoka nyumbani.

Kwanza, rekodi video. Dakika moja ya kile kinachokutia shaka inatosha: kushtuka, kusinzia kwa ajabu, mikono inayojisugua. Mwanga uwepo, na mwili wote uonekane. Kisha tafuta video au picha za zamani akiwa anakaa, anacheka au anasema neno. Kama simu yako imejaa, futa vingine, hizo usizifute.

Pili, kumbuka lini. Kama hukuandika tarehe, tumia majira: "wakati wa palizi alikuwa anasema mama na maji; tulipoanza kuvuna alikuwa amenyamaza." Sema pia kama ilikuja ghafla au kidogo kidogo.

Tatu, taja vilivyopotea kimoja kimoja, na vilivyobaki.

Nne, beba kadi ya kliniki. Uzito na chanjo vimo humo. Kumbuka pia homa kali, degedege, kuanguka, dawa alizotumia, za hospitali na za kienyeji. Usifiche, hatutafuti mkosaji.

Tano, sema kuhusu ukoo: kifafa, selimundu, watoto waliofariki wakiwa wadogo, na kama wazazi ni ndugu.

Ukifika, usiseme tu "mtoto anachelewa". Sema wazi: "Mtoto wangu alikuwa anaweza hiki, sasa hawezi." Hayo ndiyo maneno ambayo mtoa huduma hatakiwi kuyapita.

Daktari atafanya nini

Atakuuliza maswali mengi, kisha atapima uzito na mzunguko wa kichwa, ataangalia macho, ngozi, tumbo na nguvu za viungo. Usikivu utapimwa. Damu itachukuliwa kuangalia wingi wake, malaria, VVU na selimundu, kulingana na dalili.

Panapohitajika, mtoto atapewa rufaa kwenda hospitali ya mkoa, ya kanda au ya taifa, kama Bugando, KCMC, Mbeya au Muhimbili. Huko kuna kipimo cha umeme wa ubongo. Vinabandikwa vyaya vidogo kichwani. Haviumi wala havimpigi mtoto shoti, vinasikiliza tu. Kuna picha za ubongo kwa mashine ya CT au MRI. Na kuna kutoa maji ya uti wa mgongo, ambako wengi hukuogopa. Kinachotolewa ni kidogo sana, na ndicho kinachoonyesha kama kuna maambukizi ya kutibiwa haraka. Si kila mtoto anahitaji vyote. Uliza: "Kipimo hiki kinatafuta nini?" Una haki ya kujibiwa.

Nenda leo hii, usingoje siku ya kliniki, kama mtoto ana homa na shingo imekakamaa, kama amelegea upande mmoja, kama anatapika huku anaumwa kichwa, kama hawezi kunyonya au kuamka, au kama ni mchanga na ana mishtuko ya mfululizo tuliyoieleza. Akipata degedege njiani, mlaze ubavu na usimwekee kijiko wala kitu chochote mdomoni.

Mama yule bado tunawasiliana naye. Binti alithibitika kuwa na kifafa kile, akaanza dawa, na mishtuko imekoma. Ameanza kukaa akiegemezwa mito, na ameanza tena kumcheka bibi yake. Kijiko bado hajakinyang'anya. Daktari amewaambia mishtuko inaweza kurudi, dawa zisikatwe, na hakuna anayeweza kuahidi atafika wapi. Tulipomwomba radhi alisema wiki zile tatu hazirudi, ila tuwaambie wengine.

Ndiyo tumewaambia. Kama kuna mtoto aliyekujia akilini uliposoma makala haya, usitutumie sisi ujumbe kwanza. Mpeleke akaonwe na mtaalamu wa afya, kisha tuandikie umefikia wapi.